Kisu cha Keya hakikuundwa kikae sebuleni

Kila nikiweka video ya hiki kisu, swali la kwanza huwa ni bei. "Buda, hiyo unauza ngapi?" La pili huwa ni mbona sijakisugua king'are kama kipya. Leo nayajibu yote mawili, na njia inapitia Burma, kwa hivyo tulia usome.

Kwanza kisu chenyewe. Ni kisu cha kukunja cha jeshi la Uingereza, aina waliyopewa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kina vitu vitatu: bapa fupi lenye makali yaliyonyooka na ncha butu, kifungulio cha mkebe, na msumari mnene uliochongoka kwa nyuma. Mpini ni mweusi, umechorwa mistari ya kupishana ili mkono usiteleze. Mwishoni kuna pete ya kufungia kamba. Kwa chuma kumegongwa 1943, na kando yake mshale mdogo. Huo mshale si urembo. Ni alama ambayo serikali ya Uingereza iligonga kwa mali yake, kutoka bunduki hadi vifaa vidogo kama hiki. Maana yake ni moja: hii ni ya Mfalme.

Aliyekibeba alikuwa baba ya babu yangu, Mkamba wa Kitui, askari wa Keya.

Kwa wale hawajui, Keya ni KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la wakoloni lililoundwa 1902. Herufi tatu zilipita kwa midomo ya watu zikatoka zikiwa jina la Kiswahili. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya amri huko ndani, na kile Kiswahili chao cha kambini kikaitwa Kikeya. Waingereza waliandikisha Wakamba wengi kwa sababu walikuwa na imani yao kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana na mengine hayakuzaliwa hivyo. Sisi nyumbani tunajua sababu rahisi zaidi. Kulikuwa na kodi ya kulipa, na jeshi lilikuwa na mshahara.

Mwaka wa 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kufanya mazoezi. Hata kufika huko ilikuwa bahati. Tarehe 12 Februari 1944, meli inayoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka huku kwetu. Jiulize kama hiyo meli ulifundishwa shuleni.

Waliofika Burma walitumwa kwenye bonde la Kabaw katikati ya mvua, wakiwafukuza Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma kutoka Imphal. Barabara ilikuwa matope, malaria ilikuwa kila mahali, na chakula kingi kilidondoshwa na ndege kwa parachuti. Novemba 1944 walifika Kalemyo. Disemba wakavuka mto Chindwin.

Sasa rudi uangalie kisu. Kamba za parachuti zinakatwa na nini? Mkebe wa nyama unafunguliwa na nini? Na ule msumari, ambao wazee wengi watakuambia ulikuwa wa kutoa mawe kwa kwato za farasi, kazi yake ni kamba. Fundo likikaza kwa sababu ya mvua, unaudunga katikati linalegea. Ukitaka kuunganisha kamba mbili, unatenganisha nyuzi nao kisha unazisuka pamoja. Hakuna kitu kwa hiki kisu kiliwekwa cha kuangaliwa.

Vita vikaisha, askari wakarudi. Hapa ndipo historia inauma. Pesa za kumaliza vita zilipangwa kwa rangi ya ngozi, na askari mzungu angeweza kupata mara tatu ya Mwafrika aliyekuwa na cheo kama chake. Wazungu waliotoka jeshini walikuwa na mpango wa kugawiwa mashamba kwenye ardhi nzuri ya Kenya. Waafrika waliotoka Burma walirudi kwenye kodi ileile na kipande kilekile. Wengine hawakunyamaza. Waruhiu Itote, huyo mnayemjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa askari wa Keya huko Burma kabla aingie msitu wa kwetu.

Mzee wetu hakuingia msituni. Alirudi na koti, medali na hiki kisu. Koti liliisha. Medali zilikaa kwa mkebe wa majani chai hadi leo, na hakuna mtu kwetu anayeweza kusimulia lolote kuzihusu. Lakini kisu kila mtu ana hadithi yake. Alikatia mbuzi kamba nacho. Alichongea watoto vijiti. Hadithi zilibaki kwa sababu kilikuwa kinatumika mbele ya watu.

Kiliponifikia mimi kilikuwa kimeshikana kwa kutu, hakifunguki. Maoni nyumbani yakawa matatu. Binamu yangu alitaka tuuze. Ami alitaka kipelekwe kwa fundi, kipigwe grainda, kipakwe rangi ya fedha, kiwekwe kwa fremu sebuleni. Mimi nilitaka kirudi kazini. Ami alikasirika, akasema natumia kumbukumbu ya mzee kukata nyanya. Nilimjibu kwa heshima: Ami, yeye mwenyewe alikuwa anakata nyanya nacho.

Na grainda ingekiua. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kwa kuchomwa na kupozwa kwa mpango. Ukikipashia moto kwa mashine hadi makali yabadilike rangi yawe ya buluu, ule ugumu umeenda. Kitang'ara sana na hakitashika makali tena. Halafu ile mashine ingekula mshale na ile 1943. Yaani unafuta ushahidi ndio kisu kipendeze wageni.

Nilifanya polepole. Nilikilaza kwa mafuta taa siku nne, nikisugua maungio na mswaki mzee kila jioni, bila kulazimisha bapa lifunguke. Siku ya nne likafunguka lenyewe kwa vidole. Kutu nyekundu niliitoa kwa ile waya laini ya kusugulia sufuria, nikitumia mafuta. Ule weusi uliobaki chini sikuugusa. Kutu nyekundu inakula chuma. Weusi umetulia, na unasaidia kidogo kuzuia kutu mpya. Sehemu ya muhuri niliipangusa na kitambaa tu. Makali niliyarudisha kwa kinoo na maji, nikiinua bapa kidogo tu kutoka kwa jiwe, pande zote mbili sawasawa. Kwa kuwa makali yamenyooka, hata mtu anayejifunza ataweza. Mwisho, tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Kikitumika kwa chakula, ninakiosha, ninakikausha hapo hapo na kukipaka mafuta ya kupikia, maana hiki si chuma kisichoshika kutu.

Sasa kinakaa wapi? Kwa nyanya yangu, Kitui. Nyanya anasuka vyondo vya mkonge, na siku ya kwanza alipokiona kimefunguka hakuuliza bapa. Alienda moja kwa moja kwa ule msumari. Anautumia kulegeza mafundo na kupitisha uzi penye msuko umekaza. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kamba za jeshi kimepata kamba tena. Na kila mjukuu anayekaa karibu naye anauliza huo mshale ni wa nini. Hapo ndipo somo la historia linaanza, bila darasa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nawaambia hilo somo sikulipata huko.

Pale Kenyatta Avenue Nairobi kuna sanamu za askari zilizowekwa 1928 kwa ajili ya waliokufa Vita vya Kwanza. Maandishi yake yanawaahidi kwamba watoto wao watawakumbuka. Ni kazi nzuri, imetunzwa. Lakini tunaipita kila siku tukikimbilia matatu, na ukisimamisha watu kumi hapo uwaulize hao ni akina nani, sijui utapata wangapi. Kitu kikiwekwa cha kuangaliwa pekee, macho hukizoea. Kitu cha kushikwa mkononi hakikuachi usiulize.

Kwa hivyo bei: hakiuzwi. Si kwa sababu ni kitakatifu. Ni kwa sababu kinafanya kazi, na Mfalme aliyegonga mshale wake hapo hakuwahi kuwalipa hao watu sawasawa. Hiki tumekihesabu kama sehemu ya deni.

Kama kwenu kuna kisu, panga au chupa ya maji ya Keya imelala darini, kabla hujaita mtu wa grainda, tafuta muhuri, upige picha. Kisha umtafute mzee aliyebaki umuulize kilikuwa kinafanya nini. Mafuta taa yatangoja. Mzee hangoji.