Chanjo ya kuku isiyoogopa joto: inafanya kazi namna gani, na inaomba nini kwa mfugaji

Katika vijiji vingi vya Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, kuku njo banki ya kwanza ya jamaa. Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya minerval, kuku mbili zinaenda sokoni. Mgeni wa heshima akifika, kuku inachinjwa. Lakini kuko majira ambayo banki hiyo inafungwa kwa siku chache tu: leo kuku moja inakataa kula, kesho tano zimelala, na kisha juma moja hakuna jogoo anayewika katika kijiji kizima.

Mara mingi mwuaji ni ugonjwa wa Newcastle. Umepata jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa katika mwaka wa 1926. Wafugaji wa Tanzania wanauita mdondo ao kideri.

Ugonjwa wenyewe

Newcastle inaletwa na virusi. Kuku inapumua kwa shida, inaharisha maji ya kijani, mabawa yanalegea, shingo inapinda. Katika kundi ambalo halijapata chanjo, inaweza kuua karibu kuku zote. Hakuna dawa ya kuiponya. Vidonge vya antibiotiki ambavyo watu wananunua kwa farmasi haviui virusi, na feza inapotea bure.

Virusi vinasafiri pamoja na kuku yenyewe, mavi yake, manyoya, vitunga na hata viatu vya watu. Kuku inayonunuliwa sokoni na kufungwa nyuma ya moto inaweza kufika na ugonjwa mbele dalili zionekane. Tena, mfugaji akiona kuku zinaanza kufa, mara mingi anakimbia kuziuza zote. Kwa kufanya hivyo anapeleka ugonjwa katika kijiji kingine.

Kwa nini frigo ilikuwa kizuizi

Chanjo za Newcastle ziko tangu zamani. Ile inayojulikana sana, LaSota, inafanya kazi vizuri, lakini inaomba kubakia katika baridi tangu kiwandani mpaka kwa kuku. Katika mji wenye umeme hiyo inawezekana. Lakini katika kijiji ambako hakuna kura, na barabara ni ya siku nzima kwa moto, chanjo inaweza kufika imekwisha kufa. Mfugaji analipa, anachanja, kisha kuku zinakufa. Toka siku ile anasema chanjo ni uongo.

Kuko shida ingine: chupa za aina hiyo zimepimwa kwa wafugaji wakubwa, mara mingi kuku 500 ao 1.000. Mama mwenye kuku nane afanye nini na chupa ya 1.000?

I-2: virusi vilivyochaguliwa

Jibu moja lilitoka Australia, katika chuo kikuu cha Queensland, kwa mtaalamu Peter Spradbrow na wenzake. Walikusanya aina 45 za virusi vya Newcastle ambavyo haviletei kuku ugonjwa. Walitafuta vile vinavyofundisha mwili wa kuku kujikinga, visivyo na hatari, na vinavyoweza kuenea toka kuku moja mpaka ingine. Vilivyoshinda vikajaribiwa kwa joto, na vile vilivyovumilia vikachaguliwa tena, mpaka ikapatikana aina inayoitwa I-2.

Hiyo ni biyoteknolojia, maana yake kutumia viumbe hai ili kutengeneza kitu chenye faida. Lakini hapa hakuna jeni iliyokatwa wala kuongezwa. Kazi yake inafanana na ya mkulima anayechagua mbegu ya mahindi: anaangalia ile iliyovumilia jua, anaipanda tena. Mbegu ya I-2 ilitolewa kwa maabara za nchi maskini bila malipo. Virusi vinakuzwa ndani ya mayai ya kuku zisizo na ugonjwa. Tanzania na Msumbiji ni kati ya nchi zilizoitengeneza kwao.

Ikikaushwa na kuwekwa katika giza, I-2 inaweza kulinda nguvu yake kwa wiki 8 katika joto la digrii 28. Hiyo haimaanishe kwamba inaweza kuachwa juani. Watu wanaoipeleka vijijini wanaifunga katika kitambaa chenye maji na kuiweka kivulini. Na kisha kuchanganywa na maji, muda wake unakuwa mfupi: mfugaji afuate maandiko ya chupa.

Tone moja katika jicho moja

Kuchanja hakuombe sindano. Kuku moja inapata tone moja katika jicho moja, ikiwa kifaranga cha siku moja ao jogoo mkubwa. Anayechanja anangojea kuku ifunge jicho na kulifungua, kisha anaiachilia. Maji ya kuchanganya yawe yamechemshwa na kupoa. Maji yenye dawa ya klore yanaweza kuua chanjo. Kisha kazi, anawa mikono, maana virusi vya chanjo vinaweza kuwasha macho ya mtu kwa siku chache. Nyama na mayai ya kuku iliyochanjwa vinakulwa bila hofu.

Kinga inaanza kuonekana kisha siku 7 mpaka 14. Lakini haidumu. Kila miezi 4 inapaswa kurudilia, ni kusema mara tatu kwa mwaka, kwa mfano Machi, Julai na Novemba. Vifaranga vilivyozaliwa katikati havina kinga, na kwa hiyo kijiji kinachochanja mara moja na kusahau kinarudi pale kilikuwa.

Joto limeshindwa, kalenda bado

Hapa njo penye uzito wa jambo. Chanjo isiyoogopa joto imeondoa frigo katika safari ya mwisho, lakini nafasi ya frigo inapaswa kushikwa na majirani. Lupango moja ikichanja na ingine ikikataa, virusi vinabaki karibu. Na bei inakuwa nyepesi pale tu jamaa kumi ao makumi mbili wanachanga pamoja, wanachagua siku moja, na wanafundisha mtu mmoja wa kijiji kazi ya kuweka matone. Asubuhi mapema njo saa nzuri, mbele kuku hazijatawanyika.

Wazee wanajua ni miezi gani kuku zinakufaka sana kwao. Chanjo ipite angalau mwezi mmoja mbele ya majira hayo. Ugonjwa ukiisha kuingia katika kundi, ni kuchelewa: chanjo haiponye kuku yenye kugonjwa.

Mambo ya kushika

Mbele ya kununua, mfugaji amuulize veterineri ni chanjo gani, tarehe yake inaisha lini, na ililindwa namna gani njiani. Kama ni LaSota, bila barafu asiikubali.

Kuku mpya ya sokoni itengwe siku 14 mbele ya kuingia katika kundi. Zilizokufa kwa ugonjwa zichomwe ao zizikwe chini sana, zisitupwe mtoni wala kupewa imbwa.

Na chanjo ya Newcastle inakinga Newcastle tu. Ndui ya kuku, Gumboro na minyoo vinabaki. Kuku iliyochanjwa ikikufa, mfugaji asiseme mara moja kwamba alidanganywa. Amuite veterineri aangalie, maana pengine ni ugonjwa mwingine ulioingia, na majirani wanahitaji kuujua mbele soko la juma linalofuata halijafunguka.