Tibirinzi: Mteremko Kati ya Mikarafuu na Hori

Mji wa Chake Chake haukupata tambarare ya kujilaza. Ulianza kwenye mgongo wa ardhi juu ya hori, ukashuka bondeni, ukapanda mgongo mwengine, na kila kilima kikapata mtaa wake: Madungu, Msingini, Machomane, Gombani, Tibirinzi. Pemba haina mlima wa kutajwa mbele ya Usambara au Uluguru. Kilele chake kirefu kabisa hakifiki mita 150. Lakini hayo usimwambie mtu anayepanda njia za Chake Chake na gunia kichwani.

Wazanzibari wengi wanaijua Tibirinzi kwa viwanja vyake. Siku za Idi watoto wa Pemba humiminika huko, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ndugu wa kile cha Kariakoo, Unguja. Wafuasi wa vyama vya siasa nao wanaikumbuka kwa mikutano ya hadhara. Waandishi wa historia ndio walioipita haraka. Anayeandika kuhusu Pemba hukimbilia magofu ya Pujini kwa Mkama Ndume au Ras Mkumbuu, na anayeandika kuhusu maumbile huelekea Ngezi au Misali. Vilima vya katikati ya kisiwa, ambako watu wamejenga na kuzikana, vimebaki kuwa njia ya kupitia.

Ukitazama ramani ya hifadhi za Pemba utaona kwamba zimewekwa pembeni. Msitu wa Ngezi, hekta 1,440 hivi, uko kaskazini-magharibi. Kisiwa cha Misali kiko baharini magharibi ya Chake Chake. Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, lililotangazwa mwaka 2005, linafuata maji ya pwani ya magharibi. Hakuna hata moja inayogusa migongo na mabonde ya mji. Hata hivyo vilima hivyo vilibaki kijani kwa zaidi ya karne moja, na aliyevilinda hakuwa bwana misitu. Alikuwa mkarafuu.

Kabla ya mkarafuu Pemba ilikuwa na msitu wake wa asili, na msitu huo haukuwa wa kawaida. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina kinachokaribia mita 800, ilhali maji kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Unguja ilikuwa sehemu ya bara hadi zama za karibuni kwa hesabu ya miamba. Pemba ilijitenga zamani sana. Ndiyo maana ina ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo na popo wake mkubwa, viumbe wasiopatikana pengine popote duniani. Ngezi ina mpapindi, mnazi-pori wa Pemba peke yake. Kinachoonekana Ngezi leo ni sampuli ya kile kilichowahi kufunika sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa, penye udongo mzito na mvua nyingi. Mashariki, kwenye uwanda wa mawe, hali ilikuwa nyengine.

Msitu huo haukukatwa kwa mara moja. Katika zama za Wareno Pemba ilisifika kwa mchele, na Mombasa ilikula kutoka kwake. Mpunga ulihitaji mabonde yenye kinamo. Vilima viliachiwa miti, minazi na mashamba ya kuhama. Mazrui wa Mombasa waliishika Pemba kwa sababu hiyo hiyo ya chakula, mpaka majeshi ya watawala wa Busaidi wa Omani yalipowatoa mapema miaka ya 1820. Ngome ya Chake Chake, ambayo sasa ni makumbusho, ilisimama juu ya hori katika ushindani wa zama hizo. Aliyeshika hori alishika mlango wa kisiwa.

Kisha ikaja karafuu. Unguja ilianza mapema karne ya 19, Pemba ikafuata taratibu. Kilichogeuza mambo ni kimbunga cha Aprili 1872, kilicholaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama kwa wingi. Bei ikapanda, macho ya wenye mashamba yakahamia Pemba, na vilima vikafyekwa ili vipandwe upya kwa safu. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, lakini majahazi yaliendelea kuwavusha usiku hadi Pemba, na mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza aliuawa karibu na kisiwa alipokuwa akilisimamisha jahazi moja. Anayeusifu ukijani wa vilima vya Chake Chake auhesabu na utumwa huo. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria, na mwaka huo huo wamisionari wa Quaker, wakiongozwa na Theodore Burtt, walifika kisiwani na kuanzisha shamba la Banani, si mbali na Chake Chake, kwa walioachwa huru.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Pemba ilikwisha kuwa ndiyo Zanzibar ya karafuu, ikitoa takriban robo tatu ya mavuno. Tofauti na Unguja, sehemu kubwa ya mikarafuu hapa ilikuwa mikononi mwa Wapemba wa kawaida: huyu miti kumi, yule hamsini. Mila ya ardhi iliruhusu mtu amiliki miti bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Aliweza kuirithi, kuiweka rehani, kuitoa mahari. Hapo ndipo penye siri ya ulinzi ninaousema. Kilima chenye mikarafuu ya warithi wanane hakikuweza kuuzwa wala kufyekwa na mmoja wao. Magogo hayakukatwa kuwa mkaa kwa sababu kila mti ulikuwa na jina la mtu na deni la mtu. Mizizi ilishika udongo, majani yalivunja kishindo cha masika, na mpunga uliendelea bondeni bila ya kufukiwa na tope. Serikali nayo ilikuwa na hamu yake, kwa kuwa mapato yake yalitoka kwenye matawi hayo. Mpaka leo kukata mkarafuu bila ya kibali ni kosa Zanzibar. Ni miti michache ya biashara Afrika Mashariki iliyopata heshima ya namna hiyo.

Sidai kwamba mkarafuu ni msitu. Ndege na popo waliokosa mivule hawakupata badala yake katika safu za karafuu, na ugonjwa wa kifo cha ghafla cha mikarafuu ulionyesha hatari ya kutegemea mti mmoja. Lakini kwa udongo na maji, ulifanya kazi ambayo hakuna aliyeulipa.

Mapinduzi ya 1964 yalitwaa mashamba makubwa na kuyagawa kwa eka tatu tatu. Mitaa ya mji ikapanuka. Majumba ya maendeleo yakajengwa Madungu. Pigo halisi kwa vilima, kwa maoni yangu, halikutoka kwenye ugawaji. Lilitoka Indonesia. Nchi hiyo ilikuwa mnunuzi mkuu wa karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kreteki. Ilipojitosheleza kwa karafuu zake katika miaka ya 1980, soko likaanguka. Mikarafuu iliyozeeka ikaachwa, iliyokufa haikupandwa upya, na warithi wa miti kumi wakaona kiwanja cha nyumba kina faida kuliko kuchuma na kuanika. Kiwanda cha makonyo cha Wawi kiliendelea kukamua mafuta, lakini kiwanda hakizuii mteremko. Bei ilipopandishwa sana mwaka 2011, miche iligawiwa na mashamba yakapata uhai tena. Pembezoni mwa mji, ambako msingi wa nyumba ulikwisha kuchimbwa, hapakuwa na pa kuirudishia.

Katika miaka ya anguko hilo la karafuu, hifadhi zenyewe zilikuwa zinajifunza jambo. Popo wa Pemba waliwindwa kwa nyama hadi mwaka 1996 wakaorodheshwa kimataifa kuwa ukingoni kabisa mwa kutoweka. Hawakuokolewa na uzio. Wanakijiji wa Kidike, huko Ole, waliamua kuyalinda makazi ya popo yaliyo katika ardhi yao, vilabu vya mazingira vikaenea vijijini, na kwenye miaka ya 2000 watafiti walikadiria idadi yao kuwa karibu 20,000. Misali ilitangazwa hifadhi mwaka 1998, lakini wavuvi wa Pemba, waliokuwa wakienda dago, kambi ya uvuvi, huko tangu mababu, hawakufukuzwa. Eneo dogo tu lilifungwa kwa uvuvi. Uvuvi wa baruti ulipozidi, taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza iliyoanzishwa na Fazlun Khalid ilifanya semina na wavuvi na masheikh, ikianza na Kurani badala ya kanuni za serikali. Kisiwa ambacho hadithi za wazee zinakihusisha na Nabii Khidhri kilikuwa na heshima tayari. Sheria ya misitu Na. 10 ya 1996 nayo ilifungua njia kwa vijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao.

Mikataba hiyo haijawafikia watu wa mitaa ya mji kama Tibirinzi, kwa kuwa hawana msitu wa kuandikiwa. Wana miteremko, mabonde, mitaro na makaburi yenye miti mikubwa. Lakini maji hayatambui mpaka wa shehia. Mvua inayoshuka kwenye migongo ya Chake Chake inaishia horini, kwenye mikoko ambako samaki wadogo hukulia, kisha inatoka kupitia Ras Mkumbuu kuelekea Misali. Tope la msingi uliochimbwa mjini lina njia ya kufika kwenye maji ambayo serikali imeyatangaza kuwa hifadhi. Kulinda matumbawe na kuuacha mteremko ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo Baraza la Mji la Chake Chake, masheha na idara ya misitu wakae meza moja kabla ya kupima viwanja vipya. Mabonde ya mpunga yasijazwe kifusi. Miteremko mikali ibaki na miti, iwe mikarafuu, miembe au mishelisheli, na wenye miti hiyo walipwe au wapunguziwe ada kwa kuitunza. Shehia za mjini zipewe mikataba kama vijiji, ya miteremko na mitaro badala ya misitu. Na wewe unayejenga Tibirinzi leo, kabla ya kuukata mti wa mwisho kiwanjani mwako, muulize jirani wa bondeni maji ya masika yaliyopita yalimfika wapi.