Pombe na dawa za sonona

Kuchanganya pombe na dawa za sonona ni hatari kwa afya, kwa kuwa vyote hufanya kazi kwenye ubongo. Zaidi ya hayo, kilevi kinapoisha mwilini, huzuni na wasiwasi huweza kuongezeka, na tiba ikarudi nyuma.

Madhara hutegemea aina ya dawa. Amitriptilini, ambayo mara nyingi humezwa usiku, huleta usingizi na kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Pombe huzidisha hali hizo, hivyo mgonjwa huweza kupata kizunguzungu, kuanguka au kusababisha ajali akiendesha chombo. Dozi iliyopitiliza huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua, hasa ikiambatana na pombe. Fluoksetini haina ukali huo, lakini nayo huweza kuleta usingizi. Duloksetini huongeza hatari ya kuumia ini kwa mlevi wa kupindukia, na bupropioni huweza kusababisha degedege, hasa mlevi huyo anapoacha pombe ghafla.

Dawa za zamani kama fenelzini huzuia mwili kuvunja tairamini, kemikali iliyomo katika jibini iliyokomaa na baadhi ya bia, hasa za pipa. Kemikali hiyo ikizidi mwilini, shinikizo la damu huweza kupanda ghafla na kupasua mshipa wa ubongo.

Mgonjwa asiruke dozi ili apate kunywa. Amweleze daktari au mfamasia ukweli kuhusu unywaji wake, na mlevi wa kila siku aache pombe chini ya uangalizi wa kitabibu.