Podo la Mwindaji
Podo, au ziaka, ni mfuko wa ngozi wa kubebea mishale. Katika nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, chini ya miteremko ya Mlima Kenya, mwindaji alihitaji podo lenye kifuniko imara, kwani vigumba vilipakwa sumu ya mti wa msunguti, ambayo husimamisha moyo. Kigumba kilizungushiwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke, wala isimdhuru mwenyewe. Wingi wa mishale haukuwa hoja: sumu ikiwa haijachakaa, mmoja uliopenya ulitosha, kisha ikabaki kazi ya kufuata nyayo. Podo zito lilikuwa mzigo tu. Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, kuutumia ujuzi huo, uliolisha jamaa vizazi kwa vizazi, ni kosa mbele ya sheria.