Karanga za Kongwa na Kabichi za Boko

Leo tuache kidogo habari za mbolea na dawa za wadudu, tuzungumze historia. Usiniambie kwamba historia ni ya watoto wa shule. Vumilia kidogo, utaona inaingia mpaka bustanini kwako.

Basi tuanzie hapo hapo bustanini. Ulikwenda Lushoto harusini, ukaona kabichi zimefunga vichwa vizito. Ukarudi na miche. Ukaipandia tuta zuri, ukatia samadi, ukamwagilia asubuhi na jioni. Miche ikashika, majani yakatanuka, ukafurahi. Mwezi wa pili majani tu. Mwezi wa tatu majani tu. Mwisho ukawapa mbuzi. Jirani mmoja akasema una mkono mbaya, mwingine akasema ni jicho la watu.

Hapana, ndugu yangu. Lushoto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku watu hujifunika mablanketi. Boko iko karibu na bahari, hata usiku una joto. Kabichi za aina ile hutaka baridi ndipo zifunge. Tena pengine kisima chako kina maji ya chumvichumvi. Na chini ya ule mchanga kuna mawe ya chokaa, ndugu wa yale yanayosagwa kuwa saruji pale Wazo Hill tangu 1966. Chokaa ikizidi, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Ndipo unaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wewe unadhani ni njaa ya mbolea, unaongeza samadi, wala haibadiliki.

Usione haya. Hasara ya namna hiyo imewapata watu waliokuwa na wataalamu, ndege na mamilioni ya fedha.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani walipanda kahawa nyingi huko Usambara Mashariki. Walipoona msitu mkubwa na mvua nyingi, wakaamini udongo ni tajiri. Kumbe rutuba ilikuwa juu juu tu, ya majani yaliyooza, na udongo wa chini ulikuwa mchachu, umeoshwa na mvua za miaka mingi. Msitu ulipokatwa, kahawa ilistawi kwa muda, kisha ikadhoofika. Bei nayo ikaanguka duniani, mashamba yakafa. Lakini katika miaka hiyo hiyo, 1893, mtaalamu wao Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu. Hiyo 62 ikajaribiwa upande wa Pangani, penye jua kali, ikapapenda. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalianzia hapo.

Sasa twende Kongwa, maana huko ndiko kwenye kisa chenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ya London ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, na wenzake, wachunguze. Wakazunguka kwa majuma tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka angani kwa ndege. Majuma tisa! Hata kiangazi kimoja na masika moja hawakuvikamilisha. Wakarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, mengine mabaki ya vita, hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka vya Ugogo vikayachosha. Mwaka ule walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Lakini adui mkubwa hakuwa kichaka. Wewe umelima karanga, unajua tabia yake. Huchanua juu, kisha kikonyo chake huinama, hujichoma ardhini, na karanga hukua gizani. Kwa hiyo hutaka udongo laini wakati wa kuingia na wakati wa kung'olewa. Udongo wa Kongwa ukilowa ni laini, ukikauka hukamatana kama sakafu. Tena una chembechembe ngumu za mawe zinazokula majembe ya plau. Mvua ilipokoma, karanga zikawa zimefungiwa ndani. Na mvua yenyewe! Ugogo hupata msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na msimu huo haushikiki. Wagogo walilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana walilima mtama na uwele, karanga wakapanda vipande vidogo tu, na tegemeo lao jingine likawa ng'ombe. Hawa hawakuwa mafundi wa plau, lakini ndio waliokuwa na kumbukumbu za mvua za babu zao. Kwa maoni yangu kosa kubwa liko hapo, kuliko kwenye matrekta.

Wakajaribu na alizeti, ukame wa 1949 ukaipiga pia. Januari 1951 mpango ukaachwa. Waingereza walikuwa wamepoteza kama pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka bandari ya kusini hadi Nachingwea haikupata karanga za kubeba, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kongwa kukawa na ranchi ya ng'ombe, na huko kusini watu wakastawisha mikorosho.

Hebu sasa rudi kwenye tuta lako la kabichi. Karanga ile ile iliyoishinda London hupenda mchanga mwepesi kama wako, na chokaa kiasi huisaidia kujaza maganda. Mihogo, mnazi, mchicha, bamia, kunde, hivi vyote ni wenyeji wa pwani. Ukitaka kujaribu mgeni, panda mashina kumi, usilime tuta zima, uyaangalie masika na vuli zote mbili. Maji ya kisima yaonje kwanza. Na muulize yule bibi jirani aliyefika Boko kabla ya barabara ya lami ni nini kilimshinda. Bwana Shamba atakueleza kwa nini.

Juma lijalo tutazungumzia kuvuna karanga na kuzianika zisiingie ukungu. Kwaheri kwa leo.