Mkuu wa kituo, hakimu na barua pepe ya mtu wa Tukuyu

Julai 2024 mahakama mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, ilimhukumu kijana mchoraji kutoka Ntokela kwenda jela miaka miwili au kulipa faini ya shilingi milioni 5, kwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Video yake akichoma picha ya Rais ilikuwa imesambaa TikTok. Watu wengi wasiomjua walichanga, faini ikalipwa. Mjadala ukawa juu ya uhuru wa maoni, na ulistahili. Lakini video ile ilikuwa hadharani. Hapakuwa na siri ya kufungua. Mimi nauliza juu ya yale yasiyo hadharani: ujumbe, barua pepe, orodha ya namba alizopigia mtu. Polisi wa Rungwe wakiyataka, wabishe hodi wapi kwanza?

Katiba ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, na ibara ya 18 inampa uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano hayo. Ibara ya 16 inaruhusu haki hiyo kuingiliwa, ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Basi tuutazame utaratibu wenyewe. Kifungu cha 32 cha sheria ile ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote mwenye data atoe data hiyo kwa ajili ya upelelezi. Mahakama inatajwa baadaye, pale amri ya polisi inaposhindikana. Mpelelezi ndiye mwombaji, na ndiye mtoa kibali.

Maxence Melo na mwenzake wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums walishtakiwa Desemba 2016 kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kutoa taarifa za wachangiaji wao. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikataa hoja kwamba kifungu cha 32 kinavunja Katiba. Kwa maoni yangu ilikosea, maana utaratibu usio na mtu wa tatu wa kuupima ni utaratibu kwa jina tu. Melo aliweza kubisha hadi mahakamani kwa sababu alikuwa na mawakili na jina. Maneno “mtu yeyote” yanamhusu pia mhudumu wa steshenari, yule anayemfungulia kijana barua pepe ili aombe ajira serikalini au mkopo wa chuo, na mara nyingi anabaki na nywila imeandikwa daftarini. Akiletewa amri ya polisi, atabisha kwa nguvu gani?

Kuna kioja hapa. Barua pepe ya kijana huyo, ikiwa ni ya Gmail, iko mikononi mwa kampuni ya Marekani. Sheria ya kule ya mwaka 1986 kwa kawaida inaizuia kampuni kuikabidhi serikali ya kigeni maudhui ya barua, na tangu hukumu ya mahakama ya huko katika kesi ya Warshak, mwaka 2010, hata polisi wa huko wanatakiwa kwenda kwa jaji kwanza. Rekodi za simu na miamala ya mkulima wa chai wa Katumba ziko kwa kampuni ya hapahapa nchini, laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole, na amri ya mkuu wa kituo inatosha. Jaji wa ng’ambo anailinda barua yetu kuliko hakimu wetu!

Hoja ya upande wa pili naijua: matapeli wa simu hawangoji, ushahidi unafutwa kwa dakika. Ni kweli, na wizi huo unaumiza watu. Lakini kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu polisi kuamuru data ihifadhiwe isipotee. Data ikishahifadhiwa, haraka imekwisha, na kusoma kunaweza kungoja kibali. Hata umbali si kisingizio: polisi wa wilaya na mahakama ya wilaya wako mji mmoja, Tukuyu. Hakimu angeuliza ni kosa gani, ni ujumbe wa tarehe zipi, na kwa nini barua za mke wa mtuhumiwa nazo zisomwe. Majibu yangebaki kwenye jalada, na mwenye barua angeweza kuyapinga siku moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikuliziba pengo hili, kwa kuwa imeacha mianya kwa ajili ya upelelezi wa makosa na usalama wa taifa. Marekebisho yanayohitajika ni mafupi. Katika kifungu cha 32, mamlaka ya mkuu wa kituo yaondolewe, na maombi kwa mahakama yawe ndiyo njia pekee ya kuipata data.