Tosti na ngano yake

Waingereza wana Siku ya Tosti, kila Februari. Neno lao tumelipokea bila ubishi, tukaliweka ngeli ya i-/zi-: tosti hii, tosti mbili. Kitenzi ndicho kinachotushinda. Unga uliokandwa huokwa. Slesi ya mkate uliokwisha kuiva haiokwi tena, hubanikwa juu ya makaa, kama muhogo. Ukiipaka siagi na kuigeuza kikaangoni, umekaanga, hata ukiiita tosti. (Binafsi naipenda hiyo ya kikaangoni.)

Tosti ni mkate, na mkate ni ngano; kwa watu wa wilaya za Mbulu na Hanang, Tanzania, neno zito zaidi ni hilo la ngano. Kamusi hulipa maana mbili, nafaka na hadithi, na Hanang zote zimekutana. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima ngano kwa matrekta Basotu na maeneo jirani, kwenye malisho ya wafugaji Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hadithi hiyo bado inasimuliwa, na wasimulizi hawakubaliani.